Tano za Maximilla

Makere nzima hakuna anayemshinda Maximilla kwa migomba, na kwa mdomo ndiyo usiguse kabisa. Migomba yake sitini na miwili imesomesha watoto, imeezeka bati, imemzika mume kwa heshima. Anaijua mmoja mmoja, na ukiusifia mmoja wengine wananuna.

Siku moja akaingia Firdausi, binti wa Kasulu mjini, kakumbatia kishikwambi kama mtoto mchanga. Katumwa na ofisi yake kupima wakulima wanaiamini vipi akili mnemba, ile akili ya mashine inayokaa kwenye simu.

"Mama, kuanzia moja mpaka tano, unaiamini kiasi gani?"

"Yewe! Umetoka Kasulu na jua hili, nikupe moja? Watu watanisemaje? Andika tano, mwanangu."

Firdausi akaandika, akatuma. Kwa jirani Pasikali alishavuna tano pia, na papai juu. Kijiji kizima tano tupu. Watu wa Makere mgeni hawamnyimi kitu.

"Basi ngoja uione kazi yake," Firdausi akasema. Akapiga picha jani lililolegea. Mashine ikafikiri kidogo, ikatoa hukumu: mnyauko, ugonjwa unaosambaa, fyeka shamba lote, choma moto.

Maximilla akageuka kuitazama migomba yake. "Yote?"

"Si umesema unaiamini tano, mama?"

"Tano ile nilikupa wewe, siyo hiyo mashine. Kaa kwanza."

Akaleta umutobe, juisi ya ndizi aliyoikamua asubuhi. Akamimina, akapiga funda yeye mwenyewe, ndipo akampa mgeni. Firdausi akamaliza kikombe.

"Mbona umekunywa bila kuuliza?"

"Si umeonja wewe kwanza?"

"Ego, ndiyo hivyo! Sasa hiyo simu yako imeonja nini? Nikifyeka, kumbe imekosea, itakuja kulala njaa na mimi?"

Firdausi akapekua kishikwambi. Swali hilo halikuwamo.

Maximilla akapitisha kisu motoni kisibebe ugonjwa, akachuma ndizi moja kwenye mgomba uliopigwa picha, akaipasua. Ndani kahawia, kama meno ya Pasikali. Mnyauko wenyewe. Akapasha kisu tena, akaenda mgomba wa pili. Ndizi nyeupe. Wa tatu, nyeupe. Mkungu kwa mkungu mpaka alasiri, Firdausi nyuma yake na viatu vya mjini vimejaa tope. Mwisho ukakatwa mgomba mmoja tu, ule wa picha.

"Haya mama, kweli kweli, niandike ngapi?"

"Mbili. Mgonjwa imemtambua, ila ilitaka tuzike na wazima. Na mbili siyo haba! Pasikali tumeishi uzio mmoja miaka ishirini, ana moja na nusu."

Firdausi akabonyeza, akabonyeza tena. "Fomu ishakwenda, mama. Hairudi."

"Iache iende. Ije ofisi nzima, nitawaonjea."

Huko ofisini Makere ikaongoza kwa kuiamini mashine, wakubwa wakapiga makofi. Maximilla, yeye, alikuwa shambani kwake na kisu chake, anaikagua upya ile sitini na mmoja.