Namba ya Kulungu

Hebu mfikirie Adauto akiingia ukumbini: mzee wa sitini na ushei, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, viatu vinang'aa. Na ubavuni pake, si nyuma kama siku zote, yuko Gilvan mpishi, anajifuta jasho kwa leso.

Mtaa mzima wa Madureira ulimjua Adauto. Kwenye kona kando ya duka la mikate, juu ya stuli yake, alipokea madau ya mchezo wa wanyama, bahati nasibu ambamo kila mnyama ana namba yake, mchezo uliopigwa marufuku na bado polisi wenyewe wanaucheza. Umeota nyoka? Cheza nyoka. Umeota ng'ombe? Haya, ng'ombe. Kulungu tu ndiye mwenye balaa. Namba yake ishirini na nne, na mwanamume akionekana nayo, hata mgongoni mwa jezi, ataitwa shoga mpaka azikwe. Kwa hiyo wanaume walioota kulungu waliwatuma wake zao.

Adauto aliishi na Gilvan miaka na miaka. "Binamu yangu," aliwaambia watu, nao wakaitikia "binamu" huku wakitazama kando. Mzee Turíbio, bosi wa mchezo, hakuwahi kuuliza. Na asipouliza, kona inabaki yako.

Ndipo wakaja watu wa filamu kutengeneza kichekesho: mabosi wawili wa magenge, mahasimu, wanapendana. Adauto akapewa nafasi ya kupokea dau, kazi yake ileile. Ilipokamilika, Turíbio akagharamia ionyeshwe kwenye ukumbi wa klabu ya samba. Viti vya mbele vikapangwa viwiliviwili, kila mtu na mkewe.

"Nenda peke yako," Gilvan alimwambia, akikoroga maharage. "Upoteze kona kwa ajili ya kichekesho?"

"Vaa shati, bwana we. Tunachelewa."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mabosi walipobusiana, bibi mmoja akapaza sauti, "Waozesheni basi!" Hata Turíbio alifuta machozi. Taa zikawaka. Akageuka, akamwona Gilvan kwenye kiti cha mke.

"Adauto, huyu nani?"

Mikono iliyokuwa ikiwapigia makofi wale wa kwenye filamu sasa ilitafuta mifuko. "Binamu" likampanda Adauto kooni kwa mazoea. Akalimeza.

"Mwenzangu, mzee. Wa nyumbani."

Turíbio akamtazama, akavaa kofia yake, akatoka.

Asubuhi Adauto alikwenda kwenye kona bila kujua kama stuli bado ni yake. Gilvan akamletea kahawa, akagoma kuondoka. Gari jeusi likasimama. Bosi, ambaye hakuwahi kucheza mchezo wake mwenyewe, akashusha kioo.

"Nipe kulungu," akasema, sauti ikifika mpaka ndani ya duka la mikate.

"Umemwota, mzee?"

"Wewe andika."

Kioo kikapanda. Wanaume wa dukani wakatazamana, asicheke hata mmoja.

"Katutukana huyo?" Gilvan akanong'ona.

"Sijui," Adauto akasema, akiandika ishirini na nne.

Mimi pia sijui, na nimelifikiria sana. Wewe unaonaje: mkubwa kama yule akimtaja kulungu mbele za watu, anamsema nani?