Kola ya Mpinzani Wangu

Katika saloni ya kambo, yaani sebule ya bibi yangu mzaa mama, mtaani Bel-Air, ilining'inia picha ya marehemu mume wake. Mchoraji wa mtaani aliichora kabla sijazaliwa, kwa rangi ya mafuta, juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Aliiga kipicha cha kitambulisho, akaondoka nacho, asikirudishe. Kwa hiyo uso wa babu ulibaki pale tu, na kila msimu wa mvua ulibanduka kidogo. Shavu moja lilikuwa limekwisha kwenda. Ufa ulikuwa unalikaribia jicho.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi. Kambo alinikuta nikichezea rangi za maji, akaonyesha ukuta: alitaka nimhamishie babu kwenye karatasi kabla hajabanduka wote.

"Bwana yangu, unitoleshe huyu mutu pa karatasi, mbele amalizike."

Kwetu bibi humwita mjukuu bwana wake, kwa utani, na babu anakuwa mpinzani. Nilicheka, kisha nikaanza kuwaza: nikikosea, huyo nitakayemchora vibaya ndiye atakayebaki.

Mchoraji wa mafuta huanza na giza, halafu hubandika mwanga juu yake. Nami nikaiga vivyo hivyo. Sikujua kwamba kwenye rangi za maji mwanga ni karatasi yenyewe; ukishaifunika, umekwenda. Babu alitoka mweusi kama sufuria iliyoungua.

Kambo alivaa miwani. "Eh, bwana! Umemuchoma mwenzako. Njo wivu ile?" Kwetu "njo" ni "ndiyo".

"Hapana, kambo. Rangi ilikuwa nyingi."

"Banaume ba wivu banasemaka vile."

Mara ya pili nilienda polepole, rangi nyepesi juu ya nyepesi, nikingoja kila moja ikauke. Pua ilikaa. Macho yalikaa. Hata tai niliipatia mikunjo yake. Kambo aliitazama muda mrefu.

"Inafanana na picha," alisema. "Na ile kravati haikuwa yake. Muchoraji alikuwa na miili tayari, alikuwa anatia vichwa tu."

Akarudi jikoni kwenye maharagwe yake. Mimi nikabaki nawaza. Kama mwili si wake, uso je?

Mara ya tatu niliiacha tai. Nilipaka uso, nikapaka koti, nikafika kwenye kola. Nilichovya brashi kwenye kijivu ili nitie kivuli, nikasita. Kikisambaa je? Kikipanda kidevuni? Nilisita mpaka brashi ikakauka mkononi. Nikampelekea hivyo hivyo, kola ikiwa karatasi tupu, kwa aibu.

Hakuangalia uso kwanza. Aliangalia shingo.

"Bado sijaimaliza kola, kambo."

"Usiiguse!" Kidole chake kilisimama juu ya karatasi bila kuifikia. "Hii minaijua. Nilikuwa nainyoosha na pasi ya makala ya moto kila siku ya Mungu. Ikikosa kuwa nyeupe vile, hatoki kwenda misa. Ananuna pale pa mulango kama mutoto."

Alicheka, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Ndipo macho yake yakapanda usoni.

"Njo yeye," alisema taratibu. "Ulichelewa wapi, weye?"

Hakuwa akisema nami.

Msimu wa mvua uliofuata, jicho la kitambaani lilianguka. Siku hizi kambo hayupo, saloni ile ina wapangaji, na karatasi iko kwangu. Bado kuna siku naitazama kola, naona imekosa kivuli, nachovya brashi. Kisha naiosha brashi.