Shada Nililomvika Mkwe wa Neema

Sipendi kuisimulia hii, lakini kwa kuwa Kishapu nzima inaijua na wengine wanaitia chumvi, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mdogo wangu Neema alikuwa anafanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, nyumbani kwetu, wakwe wanatoka Geita, pale Kalangalala. Sasa mama wa bwana harusi alikuwa hajamkubali Neema (alishasema waziwazi kwamba mwanawe angeoa tu hukohuko), kwa hiyo siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kumlainisha, na kamati ikaamua avikwe shada shingoni akiingia. Neema akaniambia, "Dada, nunua la plastiki gulioni, yaishe." Mimi nikasema maua ya plastiki ni ya makaburini, mkwe anastahili mabichi.

Maua mabichi, Kishapu, kiangazi! Ng'ombe walishamaliza mpaka mabua, kilichobaki kando ya barabara ni ule mmea wa miiba, majani yana michirizi myeupe, maua ya njano laini kama karatasi ya kufungia zawadi, na sare yetu ilikuwa njano na nyeupe, basi nikaona Mungu kanijibu. (Kwamba ng'ombe wenye njaa walikuwa wanaupita bila hata kuunusa, hilo sikujiuliza.) Nikaukata, nikakwangua miiba kwa kisu, ukatoka utomvu wa njano, nikafutia kwenye kanga, nikasuka shada langu vizuri tu. Vile vimiiba vidogo vilivyo chini ya ua lenyewe sikuviona.

Mama mkwe akaingia na gauni jeupe la lesi, vigelegele, nikamvika, halafu, kwa mapenzi yangu, nikamkumbatia kwa nguvu.

"Mayu wane!" Alimwita mama yake kwa sauti mpaka muziki ukazimwa. Akavuta shada, miiba ikazidi kuzama, maua yakapukutika yote, tukabaki na vijiti, na utomvu ukamchora njano shingoni hadi kifuani. Shangazi yao akauliza mbele za watu, "Ndivyo mnavyopokea wageni huku?" MC, ambaye hakuwa ameelewa kitu, akaomba makofi.

Nikampeleka ndani na kibano cha nyusi, kila nikichomoa mmoja ananisukuma. Neema akaingia na gauni lake la sherehe, akapiga magoti, akaninyang'anya kibano. "Pole mama, inama kidogo." Akachomoa mmoja mmoja, anapuliza, anafuta, wala hakujali gauni lake lilivyochafuka. Ulipotoka mwiba wa mwisho, yule mama akasema, "Huyu mwanangu ana mkono mwepesi."

Ndoa ilifungwa. Siku hizi mtu akiwa na sherehe mimi naomba kuosha masufuria, mapambo sigusi. Na nikimkuta yule mama kwa Neema, namwamkia vizuri, "Shikamoo mama."

"Marahaba," anaitikia, "lakini simama hapohapo."

Nami nasimama.