Siku Saba za Kujaza Pipa

Juzi mjukuu wangu alisahau sufuria ya mawese jikoni, akaenda kuchezea simu. Harufu ilipofika barazani nilikuwa nimeshasimama, natafuta mchanga kwa macho. Akacheka, "Bibi, mbona mbio hivyo?" Nikamwambia nyamaza, zima jiko. Mawese yakiungua, harufu huanza tamu, halafu inakukaba koo. Nimeijua hivyo tangu nina miaka kumi.

Nimezaliwa Bangwe, nyumba ya nne kutoka ziwani. Gari la zimamoto tulilisikia kwa watu tu. Moto tuliuzima wenyewe. Mbele ya nyumba ya Mzee Ramadhani, kwenye mchikichi, kilining'inia kipande cha reli, na chini yake pipa la maji na lundo la mchanga. Reli ikilia, kila nyumba inatoa mtu na ndoo. Wanawake wanapanga mstari mpaka ziwani, ndoo zinapita mkono kwa mkono, wanaume wanang'oa nyasi za paa kwa kulabu kabla moto haujarukia kwa jirani. Asiyetokea, kesho yake akija kuomba kaa la kuwashia jiko anajibiwa, "La kwetu limezimika." Atazunguka mtaa mzima na kigae chake mkononi. Na reli ilikuwa na mgongaji mmoja tu, Mzee Ramadhani mwenyewe.

Ndiyo miaka watu walipokuwa wanakimbia vita Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu kupitia Kagunga, mpakani. Mama Nyandwi alifika na watoto wawili na mama yake mzazi, kikongwe asiyeweza kusimama. Mama yangu akampa sehemu nyuma ya mihogo yetu, naye akajijengea kibanda cha nyasi. Alikuwa mchapakazi, akikamulia watu mawese na kupewa kidogo chake.

Lakini wazee walikaa wakakata shauri kwamba wageni hawamo kwenye mstari wa ndoo, wala reli haigongwi kwa ajili yao. "Hao ni wa kupita," alisema Mzee Ramadhani. "Serikali itawapeleka kambini. Ndoo zetu ni za watu wetu."

"Moto hauna shemeji, Mzee," Mama akamjibu mbele ya watu. Akaambiwa akapike.

Alasiri moja ya kiangazi Mama alikuwa sokoni Ujiji. Nikasikia Mama Nyandwi anapiga yowe, "Umuriro! Umuriro!" Moto! Mawese yalikuwa yamefurika chunguni, yakaingia mafigani, na ukuta wa nyasi ukashika. Watoto walikuwa nje. Kikongwe alikuwa ndani.

Nilikimbia kwa Mzee Ramadhani. Alikuwa anashona wavu.

"Shikamoo Mzee, kwa Mama Nyandwi kunaungua!"

Akautazama moshi. "Marahaba. Upepo unaupeleka kwenye mihogo. Kwetu haufiki."

"Bibi yumo ndani!"

"Umenisikia, mtoto wa Zubeda."

Nilimsikia. Nikaichukua bolti ya kugongea reli iliyokuwa juu ya pipa, nikagonga. Akanishika sikio, nikagonga. Akalivuta mpaka nikaona nyota, nikagonga.

Watu wa Bangwe wakisikia reli hawaulizi ni kwa nani, wanauliza ni wapi. Walikuja na ndoo zao. Wavuvi wawili wakatoboa ukuta wa nyuma kwa kulabu, wakamtoa kikongwe na mkeka wake, nywele zimeungua upande mmoja, anawatukana kwa Kirundi. Kijana mmoja akainua ndoo ya maji juu ya mawese yanayowaka, wanawake wakampigia kelele, "Mchanga, mjinga wewe!" Kibanda kiliisha. Mtu hakuisha.

Jioni nikaitwa. "Reli imegongwa na asiyeruhusiwa," alisema Mzee Ramadhani. "Atajaza pipa siku saba."

"Siombi msamaha," nikasema.

"Nimekuomba msamaha? Nimekuomba maji."

Mama hakunitetea. Alinipa ndoo, akasema, "Ulichofanya ni sawa. Na sheria ni sawa. Kachote."

Asubuhi nikamkuta Mama Nyandwi ziwani na ndoo mbovu, mshikio wake kamba ya mgomba. Akachota, akaja kumwaga pipani pamoja nami. Nilikasirika kidogo, maana adhabu ilikuwa yangu, sikutaka kuonewa huruma. Pipa likajaa siku hiyo hiyo. Jioni Mzee Ramadhani akayachota maji yote akamwagilia mchicha wake, ili kesho tuanze upya. Nikamwona mkatili. Siku saba tulijaza, siku saba akamwagilia. Lakini mzee hakumfukuza Mama Nyandwi hata mara moja.

Haukupita mwezi, reli ikalia tena, linaungua banda la kukaushia dagaa. Mama Nyandwi akaingia kwenye mstari. Mwanamume mmoja akauliza, "Na huyu?"

Mzee Ramadhani hakugeuza hata shingo. "Pipa unalochota amelijaza nani?"

Mstari ukaendelea.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mzee yule asingeweza kula maneno yake mbele ya watu, akatafuta mlango wa nyuma, na Mama Nyandwi aliuona kabla yangu. Baadaye lori lilikuja likamchukua yeye na watu wake kwenda kambini. Ndoo yake ya kamba aliiacha pale chini ya reli, na tuliitumia mpaka ikatoboka.

Sikio langu la kushoto linauma kila baridi ikija. Sijajuta. Na mpaka leo, mtu akija barazani kwangu kuniambia hawa si wetu, namuuliza yeye amejaza pipa lipi.