Fundi makochi aliyemsalimia mama yake mdogo

Saa mbili asubuhi, fundi makochi amepiga magoti mbele ya kochi lililopasuka tumbo, misumari midogo kaibana midomoni. Kitambaa anakivuta, anapigilia, anavuta tena. Kaka yake, mwenzake katika karakana waliyoachiwa na baba yao, anaongeza sauti ya redio.

"Malaika, leo umeniombea?" anamchokoza.

Anatema misumari kiganjani. "Wewe nimekuombea mara mbili. Kesi yako nzito."

Utani huu ni mpya. Mwaka mzima hawakuzungumza ila habari za sponji na mbao.

Chanzo ni sala. Baada ya kuachwa na mumewe, fundi huyu alijiunga na majirani wanaosali pamoja kila jioni. Nyumbani walidhani atachoka. Lakini sala zikamfikisha wasikotarajia: kwa mama yake mdogo, ambaye familia ilimsusa tangu ugomvi wa nyumba ya urithi.

"Kila siku nasema nimesamehe, nikimwona njiani navuka barabara," anasimulia. "Nikajiona mnafiki. Siku moja sikuvuka."

Alimsalimia. Baadaye akamtengenezea kiti chake kilichochakaa. Habari zikamtangulia nyumbani.

"Mungu gani huyo anayekutuma unitie kidole jichoni?" mama yake alifoka. Tangu hapo, chakula alichopika binti yake hakukigusa kwa miezi. Kaka naye akasema dini imempanda kichwani.

"Iliniuma mno. Nilitamani kuacha, lakini ningerudi kulekule kuvuka barabara," anasema. "Basi nikaamua: sibishani, sihubiri. Nampikia mama, akikataa, nafunika. Ila shikamoo yake siiachi, aitikie asiitikie."

Kaka anapunguza redio. "Nilingoja achoke, nikachoka mimi. Huyu zamani alikuwa moto wa kifuu. Ukikosea kipimo, nyundo inakufuata. Siku hizi ananielekeza kwa upole mpaka naona aibu."

Mama hajamsamehe ndugu yake. Hata hivyo, juzi alipokea sahani, akala, kisha akauliza huku ametazama ukutani: "Yule naye, miguu bado inamsumbua?"

Jumapili fundi anakwenda kumjulia hali mama mdogo.

"Nitamuaga mama, halafu nitavaa taratibu," anasema, akirudi kwenye kochi lake. "Akiniambia nenda salama, nitakwenda. Akichukua mtandio wake, tutakwenda wawili."