Mama Vumbi na Setilaiti Nyekundu

Mke wangu alifanya usafi Kamandi ya Anga za Juu miaka kumi na tisa. Kamandi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya stoo ya matairi ya jeshi. Roketi hawakuwa nayo. Setilaiti walikuwa nayo moja, na ilizimika miezi mitatu baada ya kurushwa, ila hiyo ilikuwa siri. Maafisa walimwita Mama Vumbi. Nami nitamwita hivyo, maana jina lake halisi ni la nyumbani.

Chumba cha vita kilikuwa na dari jeusi. Darini ilining'inia mipira ya tenisi kwa nyuzi, kila mpira setilaiti: mmoja mweupe, wetu, miekundu ya taifa kubwa moja, ya buluu ya taifa kubwa jingine. Kila asubuhi ya kazi koplo wa zamu alisikiliza redio, akachukua fimbo, akaisogeza. Afande mkuu akiingia, hutazama juu, akajua dunia imeamkaje.

Ijumaa jioni Mama Vumbi huishusha, huiosha kwenye karai, huirudisha. Shule hakuiona. Alikariri kwa macho kila mpira ulipokaa.

Ijumaa moja uzi wa mpira mmoja mwekundu ukakatika. Ndoano yake ilikuwa mbali na mgongo ulikuwa unamsumbua. Akaufunga kwenye ndoano ya karibu, shibiri moja kutoka mpira mweupe.

Jumatatu, koplo hajaishika fimbo, afande mkuu akatazama juu. Akakaa.

"Wametufuata," alisema.

Kanali akasema wanataka kuiteka setilaiti yetu. Mwingine akasema hapana, wanasikiliza siri zake. Hakuna aliyekumbusha kwamba ni bubu. Balozi wa taifa la mipira miekundu akaitwa. Mizinga mitatu ikapandishwa kilimani, midomo juu. Redioni wakasema wananchi tutulie. Mimi nikatulia.

Kisha akatafutwa mtu wa kubeba lawama. Koplo wa zamu alikuwa mama wa mtoto mchanga. Wakasema alilala adui akapita. Wakamweka mahabusu, kesi Alhamisi. Mtoto alikuwa analetwa getini na bibi yake, ananyonya huku askari amesimama pembeni, anarudishwa.

Usiku wa Jumatano Mama Vumbi hakugusa chakula.

"Mzee, ule mpira niliufunga mimi."

"Mpira gani?"

"Wa vita."

Nikamwambia, "Nyamaza, mama watoto. Watakufunga wewe."

"Na yule mtoto atanyonya kwa nani? Kwa kanali?"

Nikamwambia mambo ya jeshi hayatuhusu. Hilo nalijutia mpaka leo.

Alhamisi aliingia chumba cha vita na ndoo yake mkononi, akasema yote. Afande mkuu akageukia meza. Mezani palikuwa na barua ya balozi. Taifa kubwa linasikitika, limeshaiondoa setilaiti yake, halitarudia. Nadhani walikuwa nazo nyingi mno, hawakujua ipi iko wapi.

"Mama," afande alisema, "wenyewe wameshakubali kosa. Wewe ni nani wa kuwakatalia?"

"Mimi nataka koplo akanyonyeshe."

"Basi useme hukusema."

"Nimeshasema, afande. Ila mkimfungulia mlango, mimi ni mzee, nasahau."

Kanali alikohoa ndani ya kikombe.

Koplo alitoka kabla ya saa sita. Ikaandikwa kwamba alikuwa macho kuliko wote. Kisha Mama Vumbi akaambiwa apande kigoda, aurudishe mpira mahali pake, ili kurudi nyuma kwa adui kuonekane. Maafisa wakasimama wima, wakapiga saluti. Yeye alikuwa na kitambaa begani. Medali saba zilitolewa wiki ile. Yeye alipewa karai jipya.

Alipofariki mwaka jana, kamandi ilituma ua la plastiki. Koplo alikuja mwenyewe. Bado anakuja. Mwezi uliopita alitazama kabati la vyombo, akanitazama mimi.

"Baba, hili halijafutwa tangu lini?"

Mkono wa mwisho kupita pale ulikuwa wa mke wangu.

Alikitoa kitambaa msumarini, akafuta polepole, akarudisha vyombo. Vyote alivirudisha vilipokuwa, isipokuwa kikombe cha Mama Vumbi. Hicho alikiweka karibu na changu, shibiri haifiki.

Sijakisogeza.