Jumatatu Iliyogeuzwa Jumanne

Juzi kiwanda kipya cha mabati karibu na nyumba yangu kilipiga king'ora cha saa sita mchana, na mimi, mama mzima wa watoto watatu, niliacha ugali motoni nikatoka uani kusimama tu. Ugali uliungua. Watoto walinicheka, nami nikacheka nao.

Likasi, mji wa migodi nilikokulia, saa ilikuwa mali ya kiwanda. King'ora cha asubuhi kiliwaamsha akina baba, cha mchana kiliwaambia akina mama wateleke maji, cha jioni kilitufukuza sisi watoto barabarani tukaoge. Jogoo wa jirani yetu aliwika baada ya king'ora, kama mfanyakazi aliyechelewa zamu. Kisha mambo ya Zaire yakaharibika, kazi zikapungua, posho ya unga ikakoma, na siku moja king'ora nacho kikanyamaza. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Kulikuwa na Jumapili kwa ajili ya misa, na siku nyingine sita ambazo mtoto hakuweza kuzitofautisha.

Baba alikuwa ameenda kuchimba upande wa Shinkolobwe na alirudi mara chache. Aliyeziba pengo lake ni baba yangu wa ubatizo, tuliyemwita Parrain, kwa Kifaransa cha kanisani. Zamani alikuwa fundi wa mashine. Sasa alishona viatu, na alikuwa na baiskeli. Alinuka gundi na tumbaku. Alinifundisha kusoma kwa magazeti makuukuu, na nilipokosea alitikisa kichwa taratibu na kungoja nijisahihishe. Watu hupenda kusema baadaye kwamba waliona kitu machoni pa mtu kama yule. Mimi sikuona kitu. Nilimpenda kuliko baba yangu.

Akina mama wa kambi yetu ya wafanyakazi walikuwa wakibeba vitenge vyao na kutembea kwa miguu hadi vijiji vya upande wa Kambove, kuvibadilisha na mahindi. Wakaanza kutorudi. Wa kwanza tulidhani amemkimbia mumewe, watu wakatania. Wa pili alikutwa kichakani amenyongwa, na utani ukaisha. Inspekta mmoja alipewa kesi hiyo, mtu mwembamba ambaye serikali ilikuwa imesahau kumlipa, akatembea nyumba hadi nyumba kwa zaidi ya mwaka akiuliza maswali yaleyale. Wanaume walipotoka kupekua vichaka, Parrain ndiye aliyewaongoza. Kwenye kilio, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Wa tatu alikuwa jirani yetu, Mama Odile, mwanamke wa mapengo aliyecheka akiziba mdomo kwa kiganja. Aliondoka Jumanne alfajiri. Alipatikana baada ya wiki mbili, na mchoma makaa mmoja akasema alimwona asubuhi ile akifuatana na mwanaume mwenye baiskeli. Mtaani kwetu wenye baiskeli walihesabika.

Kabla inspekta hajafika kwetu, Parrain alikuja akaketi mlangoni. Alikishika kiatu changu cha kushoto, alichokuwa amenishonea siku za nyuma, akakigeuzageuza.

"Régine, uko nakumbuka ile siku nilikutengenezea hiki kiatu?" aliniuliza. "Ilikuwaka mardi. Mama yako alikuwa ku shamba. Nilikuya asubuhi, nikarudia mangaribi."

Niliikumbuka siku yenyewe vizuri, sindano yake nene, nta aliyoipitisha kwenye uzi, karanga tulizokula pamoja. Kama ilikuwa mardi, yaani Jumanne, au siku nyingine, ningejuaje? Nilisema ndiyo. Wiki ile aliniuliza tena na tena, kwa utani, katikati ya masomo yetu, mpaka siku ile ikapata jina. Kwa hiyo inspekta alipokuja sikudanganya. Nilijibu nilichokijua: Parrain alishinda kwetu Jumanne nzima. Mama alikuwa shambani siku ya kiatu, kama siku nyingi, hakuwa na la kuongeza. Inspekta aliandika, akanishukuru kwa heshima, nami nikavimba kichwa. Nilimsimulia kila mtu kambini.

Msako ukageukia wachimbaji. Kijana mmoja aliyetoka Shinkolobwe na baiskeli ya kuazima alipigwa sokoni mpaka akapoteza jicho, kisha akafungwa. Tulipumua. Akina mama walianza tena safari zao, na Parrain akawa anawabebea mizigo kwa baiskeli yake.

Baada ya miezi michache, mama yake Béa hakurudi. Béa alikuwa rafiki yangu wa kuruka kamba.

Kwenye kilio, wanawake walikuwa wakiwakumbuka wote waliotangulia, na mmoja wao akaigiza kicheko cha Mama Odile, kiganja mdomoni. Nikamwona palepale. Nilimwona amesimama mlangoni kwetu siku ya kiatu, akikicheka kidole changu kilichochungulia nje, akimwambia Parrain kwamba kesho yake anakwenda Kambove na vitenge viwili. Kama Mama Odile alikuwa kwetu akicheka, ile haikuwa Jumanne. Ilikuwa Jumatatu.

Nilimnong'oneza Mama. Alinifinya mkono akasema, "Nyamaza. Ule ni parrain yako." Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne alinivalisha gauni la misa, akanishika mkono mpaka kwa inspekta, akamwambia kwamba anaogopa, lakini amsikilize mtoto.

Juu ya dari ya nyumba ya Parrain walikuta vitenge vya wanawake wote wanne, vimekunjwa vizuri. Kesi ilisikilizwa kwa wiki kadhaa katika ukumbi uliojaa hadi madirishani. Hakimu aliponiuliza siku ya kiatu ilikuwa ipi, Parrain alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, akangoja nijisahihishe. Nilisema Jumatatu. Nilisema nikilia, kwa sababu hata wakati ule nilitaka aniambie nimepata. Alifungwa maisha, na yule kijana mchimbaji akaachiwa na jicho lake moja.

Watu wazima walinifariji kwamba mtoto hana hatia, nikakubali. Hasira yangu yote niliiweka kwa Parrain. Alichukua siku tamu kuliko zote za utoto wangu akajifichia humo, na mpaka leo sijui kama alinishonea kiatu kwa sababu tu kilikuwa kimechanika, au alikuwa tayari anajitafutia mahali pa kujificha.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Béa kwenye harusi, Lubumbashi. Nilimvuta pembeni nikamwomba msamaha kwa kuchelewa kukumbuka. Aliniuliza kama kweli nataka kujua yaliyotokea asubuhi mama yake alipoondoka. Nilisema nataka.

"Nkambo alimukatazaka Mama kumufwata ule mwanaume," alisema. Nkambo alikuwa bibi yake. "Mama akamujibu: Régine alisema alikuwa kwabo ile mardi, na Régine hadanganyake. Akaenda naye."

Wakati wote nilidhani Parrain alinitumia kumkwepa inspekta tu. Sikuwa nimewaza kwamba wale wanawake nao walikuwa wananisikiliza.

Niliporudi mezani, mume wangu aliniuliza Béa amesema nini. Nilimwambia amenisamehe.